Papa Mwenye Mimba

Magloire alijifunza ubaba kwenye simu. Alipoikimbia Uvira, mji wao wa kando ya ziwa, mkewe Émilienne alikuwa na mimba ya miezi saba, na siku mtoto alipozaliwa yeye alikuwa katika kambi ya mahema kaskazini mwa Ufaransa, akingoja kuvuka kuingia Uingereza. Sauti ya kwanza ya binti yake aliisikia kupitia simu ya jirani: kilio chembamba, kikikatika na kurudi kwa sababu ya mtandao, kisha salio likaisha. Hata jina la Keren alilitoa hivyo hivyo, kwa kupiga kelele katikati ya upepo, akirudia silabi zake mpaka mtu wa upande wa pili akasema amesikia.

Keren alipokuwa na miaka minne, homa ya matumbo ikamchukua mama yake. Mtoto akabaki kwa koko, yaani nyanya yake mzaa mama, mwanamke mwenye mabega mapana aliyeuza samaki soko la Mulongwe. Magloire alikuwa ameshapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, Lewisham, London. Aliwasukuma wazee kwenda kupigwa picha za mifupa, akawasukuma vijana kwenda kupasuliwa, na mara nyingi akawasukuma wanawake kwenda kujifungua. Hao wa mwisho aliwapeleka polepole mno, akizunguka kila kiungo cha sakafu ili magurudumu yasiruke, hata wenzake wakamtania kwamba mtoto atazaliwa kwenye lifti. Yeye alicheka pamoja nao. Lakini milango ya wodi ilipojifunga, alisimama pale kidogo, mikono ikiwa haina kitu cha kushika.

Ilichukua miaka mingi ya kwenda na kurudi katika ofisi za uhamiaji za Croydon mpaka Keren akaruhusiwa kuja. Alishuka kwenye ndege akiwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko picha zake, na paji la uso la Émilienne kabisa, kama limekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Magloire alikuwa amepanga kumkumbatia. Binti akanyoosha mkono, akasema, "Bonjour," kama mtu anayesalimiana na mwalimu mkuu.

Kwao Uvira mtoto humwita baba yake papa. Keren hakumwita hivyo, wala hakumwita kwa jina lingine lolote. Aliyaruka majina kama mtu anavyoruka dimbwi la maji. Akimhitaji, alikuja kusimama mlangoni mpaka Magloire ainue kichwa. Alijibu alichoulizwa, aliosha vyombo, alikwenda shule, alikwenda kanisani. Baada ya mwaka mmoja Kiingereza chake kilikuwa kimekaa sawa, na majibu yakazidi kuwa mafupi, sasa kwa lugha ambayo Magloire aliitumia kazini tu.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kuongea. Wakitoka kanisani, Keren alijifungia chumbani na kumpigia koko. Huko Kiswahili kilimtoka kama maji ya mfereji, na kicheko juu yake, kicheko kikubwa cha watu wa sokoni. Magloire alichukua kitambaa akafuta ukuta wa koridoni ambao haukuwa na uchafu. Alifuta na kufuta, apate kukisikia kile kicheko, na simu ilipokatwa alirudi jikoni haraka kabla mlango haujafunguliwa. Kwa miaka yote aliyoishi peke yake alikuwa amemtamani mtoto aliye mbali. Hakujua kwamba mtu anaweza kumtamani hivyo mtoto aliye chumba cha pili.

Mwaka wa pili, jioni moja, Magloire aliingia kutoka kazini, na kabla hajavua kiatu cha pili akamkuta Keren amesimama mbele yake.

"Ile kambale ya kwetu," alisema, "ni dume ao ni jike njo inalindaka mayai?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza lisilohusu ufunguo au chakula. Magloire akabaki na kiatu mkononi.

"Miye sijui," alisema. "Juu ya nini unauliza?"

Ikawa kwamba mwalimu wake wa biolojia, mama mmoja aitwaye Marion, alikuwa amewasimulia habari za Mgiriki wa zamani, miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Mtu huyo aliishi kwa muda kwenye kisiwa, karibu na ghuba yenye samaki wengi, akakaa na wavuvi akiwauliza maswali. Hakutosheka na kusikia. Alipasua samaki kutazama matumbo yao. Alivunja mayai ya kuku yaliyoatamiwa, leo moja, kesho lingine, aone moyo unaanzia wapi, akakuta tone la damu linalodunda kabla hakijaonekana kichwa wala bawa. Na kuhusu kambale wa mto mmoja wa kwao aliandika kwamba jike hutaga akaenda zake, dume akabaki. Dume hukaa na mayai wiki nyingi, akiwafukuza samaki wadogo na kutoa mlio, asiondoke.

"Watu wa Ulaya hawakumwamini," Keren alisema. "Kambale za mito yao hazikufanya vile. Mpaka juzi juzi, miaka mia na kitu tu, mtu mmoja akachunguza kambale za ule mto wenyewe. Akakuta ni kweli."

"Basi alijua kila kitu."

"Hapana! Alisema mikunga, ile samaki kama nyoka, inazaliwa ndani ya matope!" Na akacheka. Kilikuwa kile kile kicheko cha Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Marion alikuwa amewapa kazi ya likizo fupi: kila mmoja achague kitu ambacho Mgiriki alikiandika juu ya mnyama, kisha akitazame kwa macho yake mwenyewe. Wenzake walichagua njiwa na paka. Keren alitaka samaki. Shida ilikuwa kwamba samaki wa London, kama alivyowaona madukani, hawakuwa na vichwa. Yeye aliyekua na magamba mikononi, akipanga mikeke, samaki wa ziwani, kwenye sinia la koko vichwa vikielekea upande mmoja, alikuwa amewatazama wale samaki weupe wa vipande katika boksi na kuuliza, kwa Kiingereza, sehemu nyingine zinatupwa wapi.

"Miye najua mtu," Magloire alisema, ingawa alimjua kwa salamu tu.

Mtu huyo alikuwa Muhsin, mzaliwa wa Lamu, mwenye meza ya samaki pembeni mwa soko la Lewisham, baina ya muuza mihogo na muuza simu. Jumamosi wakamwendea. Mwanzo akawapa ngisi, na Keren akarudi nyumbani akampasua juu ya gazeti, akatafuta kifuko cha wino mpaka kikampasukia usoni. Jumamosi iliyofuata wakaenda tena. Likizo ikaisha, kazi ya shule ikapokelewa na kusifiwa, lakini Keren hakuacha. Kila Jumamosi Magloire aliomba zamu ibadilishwe, wakaenda sokoni pamoja. Njiani mara nyingi walinyamaza, lakini huu ulikuwa unyamavu wa watu wawili wanaokwenda mahali pamoja.

Mwezi wa tano, Muhsin aliwaita kwa mkono kabla hawajafika. Juu ya barafu alikuwa amelaza samaki wa kijivu, mwembamba, wa urefu wa mkono wa mtu, mgongo umejaa madoa meupe madogo.

"Leo nimekuwekeeni papa," alisema.

Keren akamtazama yeye, akamtazama samaki. "Papa?"

"Papa, mwanangu. Humjui papa? Huyu mdogo, hali watu."

"Kwetu papa ni baba."

Muhsin akacheka mpaka akaegemea meza. "Lahaula! Basi mimi miaka yote hii nawauza baba za watu kwa kilo!" Akamgeukia Magloire. "Ndugu yangu, nisamehe. Sikujua kama jamaa zako hawa."

Magloire naye akacheka. Keren alikuwa amekwisha kuinama juu ya barafu. Katika maandishi ya yule Mgiriki, akaeleza, kuna papa ambaye hatagi mayai nje. Watoto hukua tumboni mwake, na kila mtoto amefungwa kwa mama yake kwa kitovu, kama mtu. Hilo nalo wataalamu walilipuuza karne nyingi. Yeye alitaka kukiona hicho kitovu.

"Nataka papa," alimwambia Muhsin kwa sauti ya mtu mwenye hakika. "Si huyu. Huyu ni dume, tazama hapa chini. Nataka papa mwenye mimba."

Neno lilikuwa limetoka kinywani mwake, tena na tena, wazi, na silabi zote. Magloire akageuza uso kuelekea kwenye mihogo. Alijiambia kwamba mtu mzima hawezi kumwonea samaki wivu. Lakini alisimama pale, akiwa na mfuko mtupu mkononi, na moyo wake ulikuwa umeitika kabla hajauzuia.

Muhsin aliahidi kutafuta, na mwezi wa sita akatimiza. Alimleta jike, mzito, tumbo limevimba, amefungwa katika magazeti matatu. "Mwambie huyo daktari wako," alimnong'oneza Magloire, "asinipigie simu kuniuliza nani alimpa mimba."

Wakamlaza juu ya meza ya jikoni. Ilikuwa mchana wa jua, dirisha liko wazi, na watoto wa jirani wanapiga mpira uani. Keren alichukua kisu cha samaki, akamwambia Magloire ashike mkia. Akapasua polepole, kama koko alivyomfundisha, bila kusukuma ncha ndani. Tumbo likafunguka. Ndani mlikuwa na mifuko miwili mirefu, na katika mifuko hiyo wakaonekana watoto, wamejipanga, wadogo kama kalamu, kila mmoja na madoa yake meupe mgongoni tayari, kila mmoja na macho.

"Yesu," alisema Magloire.

Keren akamwinua wa kwanza kwa vidole viwili, taratibu. Mtoto akainuka bila kukatika chochote. Hakikuwepo kitovu. Akamwinua wa pili, wa tatu. Kila mmoja alikuwa amejikunja peke yake, na kijifuko kidogo cha kiini cha yai kilichokaribia kwisha, basi. Hakuna kilichomshika. Keren alizidi kutafuta, akipapasa kuta za ile mifuko, kwanza kwa utaratibu, halafu kwa haraka, mpaka Magloire akaona kwamba mabega yake yanatikisika.

"Keren. Acha kwanza."

"Wamo ndani yake," alisema, kwa Kiswahili, machozi yakimtiririka bila kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na damu. "Wamo ndani yake, lakini hawakufungwa na kitu. Hakuna kitu!"

Baadaye Marion alimweleza kwamba hakukosea, wala Mgiriki hakukosea. Wapo papa wa aina nyingi, na mzee yule alikuwa amewatenganisha vizuri. Wale wasio na madoa ndio wenye kitovu, na hawa wa madoa, ambao ndio wengi katika bahari ya Uingereza, hawana. Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule jikoni palikuwa na mtoto analia, na baba ambaye hajawahi kumwona akilia, ila alikisikia tu kilio chake kwa mbali, siku alipozaliwa.

Magloire akamwosha mikono. Alifungua bomba, akaishika ile mikono miwili chini ya maji ya uvuguvugu, akasugua vidole kimoja kimoja, na Keren akamwachia.

"Ulikuwako?" aliuliza Keren, macho kwenye sinki. "Siku nilizaliwa?"

"Hapana. Nilikuwa mbali. Watu wenye bunduki walikuwa wananitafuta, na mama yako akasema kama nitabaki atazaa mtoto wa maiti. Alinifungia mkate katika kitambaa chake cha kichwa. Nilipanda gari ya usiku." Akafunga bomba. "Nilisikia ukilia. Kwa simu."

"Nani alinikata kitovu?"

Magloire alichukua taulo, akaanza kumfuta mikono. Kwa miaka yote alikuwa ameuliza kilo, amemuuliza Émilienne kama mtoto ananyonya, kama analala, macho amechukua ya nani. Hilo hakuliuliza.

"Tumpigie koko," alisema.

Haikuwa Jumapili, na koko alipokea kwa hofu, akidhani kuna msiba. Walipomweleza kwamba wamepasua samaki, akaguna. Walipomuuliza swali lao, akacheka kidogo.

"Ni miye," alisema. "Nani mwingine? Mkunga alichelewa, mvua ilikuwa inanyesha. Nilikukata na wembe mpya, nikakufunga na uzi mweupe. Na kilipoanguka nikakizika nyuma ya jiko, pale ukuta unapinda. Mama yako alikuwa ameketi mlangoni anatazama. Akaniambia, 'Mama, chimba sana, mbwa wasikifukue.'"

Keren hakuwahi kusikia hilo. Magloire pia hakuwahi. Wote wawili walikuwa wameinamia ile simu juu ya meza, kando ya samaki.

"Koko, nikija Uvira utanionyesha," alisema Keren.

Simu ikaleta mlio wa kiti kikivutwa.

"Sikutaka kuwaambia," koko alisema. "Maji ya ziwa yalipanda, mtoto wangu. Yaliingia uani mwezi wa nne. Sasa jiko liko ndani ya maji, na nyumba mpaka kwenye madirisha. Miye niko huku juu kwa mama mchungaji, nipo muzima, musilie. Kila Jumapili unanipigia niko huku." Akajaribu kucheka. "Juzi nilishuka kutazama. Kambale mkubwa alikuwa anazunguka pale pale, kwenye jiko yangu, kama amelipa kodi."

Walikata simu. Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya meza. Keren akavuta kiti, akaketi, na Magloire akaketi karibu naye. Akaanza kumweleza jinsi nyumba ile ilivyokuwa kabla hajazaliwa: mlango wa bati la buluu, jiwe ambalo Émilienne alikanyagia kuosha miguu, upepo wa ziwani uliozima jiko kila mchana. Keren alirekebisha pale alipokosea. Mlango ulikuwa umepakwa kijani. Jiwe lilikuwa bado lipo alipoondoka. Walijenga nyumba hiyo upya kwa maneno, kila mtu na vipande vyake, na hawakumaliza mpaka samaki akaanza kunuka.

Neno lenyewe lilikuja siku ambayo Magloire hakuitazamia, ndani ya basi la asubuhi lililojaa. Keren alikuwa amesukumwa mpaka mlangoni, akapaza sauti juu ya vichwa vya watu: "Papa, weye unashuka hapa!" Magloire akashuka mbio asichelewe kazini. Alikuwa amevaa sare na kusukuma kitanda cha kwanza hadi ghorofa ya pili ndipo akasikia alichoitwa. Mgonjwa aliyekuwa kitandani, mzee mmoja aitwaye Lawrence, akamuuliza kama yuko salama. Akasema ni mafua.

Hawakugeuka kuwa watu wengine. Keren alibaki msichana wa maneno machache, na kuna wiki alizorudia ukimya wake, mlango ukafungwa. Magloire alijifunza kutougonga. Koko hakurudi kwenye nyumba yake. Maji yalishuka kidogo, kisha vita vikashuka kutoka kaskazini, na safari ya Keren kwenda kwa koko, ambayo walikuwa wakiipanga, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwishowe ikawa kitu ambacho hawakitaji.

Mwaka huu, mwezi wa nane, Magloire alimpeleka Keren pwani ya Kent kwa treni. Ana miaka kumi na saba sasa. Alitembea ukingoni mwa maji akiinama kila hatua, akiokota vifuko vyeusi vya ngozi ambavyo papa wa aina nyingine hutagia mayai yao, vikavu, vitupu, watoto wamekwisha kutoka. Magloire alikunja suruali akaingia mpaka magotini. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mfupa. Alichota kidogo kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Ni chumvi," alisema, kama hakujua.

"Ni bahari, papa."

"Najua. Nilitaka tu kuona."

Waliketi kwenye mawe wakala chipsi. Shakwe mmoja aliwazunguka akidai haki yake. Keren akasema, akitazama mbele, kwamba ameamua atakachosoma chuo kikuu: samaki, lakini si hawa. Ziwa lao lina samaki wasiopatikana popote pengine duniani, wengine hulea watoto wao mdomoni, na wengi bado hakuna aliyekaa nao kwa uvumilivu kuwatazama. Anataka kwenda kuishi huko. Si kutembea. Kuishi, Uvira au Kalemie, mradi mlango wake uelekee majini.

Magloire akamrushia shakwe chipsi moja. Yeye, kama mkimbizi, hakuwa na ruhusa ya kukanyaga kule, na waliomtafuta hawakuwa wamekufa wote. Alikuwa amemngoja huyu mtoto miaka kumi na mitatu, na akamngoja tena ndani ya nyumba moja. Sasa mtoto alikuwa akimweleza, kwa Kiswahili cha Mulongwe, macho yanang'aa, jinsi atakavyorudi mahali ambapo yeye hupaota tu. Angeweza kusema habari za vita. Angeweza kusema habari za homa ya matumbo.

"Utaanza na samaki gani?" aliuliza.

Keren akamgeukia kuona kama anauliza kweli. Alipoona hivyo akafuta mafuta mikononi, akaanza kumweleza: wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, wanaochimba mchanga, wanaokula magamba ya wenzao. Magloire aliuliza kila mmoja ana rangi gani, na anapatikana upande gani wa ziwa, na kama wavuvi wa bandari ya Kalundu wanamfahamu kwa jina lipi. Maji yalikuwa yanarudi nyuma, yakiacha mawe yenye unyevu, na treni yao ya kwanza ikapita bila wao kuinuka.